Kalamu ya Katibu: Abdulwahid Sykes kati ya Gati, Msikiti na Chama katika Uzaramo, 1948–1954

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kipindi kifupi cha maisha ya kisiasa ya Abdulwahid Sykes (1924–1968), aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, kisha katibu na kiongozi wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika (TAA), na ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya. Hoja kuu ni kwamba nguvu zake katika siasa, kazi na dini zilitokana na nafasi moja, yaani ukatibu, na kwamba mipaka ya nafasi hiyo ilionekana pale siasa za kuandika zilipogeuka kuwa siasa za kusema. Mazingira ya hoja ni Uzaramo, yaani Dar es Salaam pamoja na nchi inayoizunguka ambayo leo imegawanyika katika Kisarawe, Kibaha na wilaya jirani. Msamiati wa uongozi na wa kazi katika Kiswahili unatumiwa kama ushahidi wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Kiswahili hakina neno jepesi la kumtaja mtu anayetaka kuongoza bila ama kumlaumu ama kumsifu. Akiwa na tamaa, amekwisha kuhukumiwa. Akiwa na uchu wa madaraka, amehukumiwa zaidi, maana uchu ni njaa ya mwenye kula asichostahili. Akisemwa kuwa ana ari, amepewa heshima, lakini ari humhusu zaidi anayejibu changamoto kuliko anayeitafuta. Katika adabu ya miji ya pwani, anayefaa kuongoza huombwa. Anayejiombea hutiliwa shaka. Upungufu huu wa msamiati si jambo la kamusi tu. Umeathiri namna wasifu wa wanasiasa unavyoandikwa, na kisa cha Abdulwahid Sykes ni mfano wa wazi.

Wanaomwandika Sykes wamegawanyika katika kambi mbili. John Iliffe (1979), katika historia yake ya Tanganyika, anamwona kama kiongozi kijana wa chama kilichokuwa kimedorora, ambaye mwaka 1953 alipitwa na mtu mwenye uwezo mkubwa zaidi. Mohamed Said (1998), ambaye kitabu chake kilitolewa London na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili, anamwona kama mwasisi halisi aliyempisha mwenzake kwa hiari, kisha akafutwa katika historia rasmi pamoja na Waislamu wengine wa Dar es Salaam. Kambi ya kwanza humfanya ashindwe. Ya pili humfanya ajitoe mhanga. Zote mbili hazimpi nafasi ya kuwa alivyokuwa katika umri wa miaka 25: kijana aliyetaka kuongoza, aliyejua njia za kufikia uongozi, na aliyezipitia zote kwa pamoja.

Njia hizo zilikuwa tatu: gati, msikiti na chama. Ni rahisi kusema kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba mshika matatu hana hata la kuponyoka. Methali hiyo, hata hivyo, haifai hapa. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1940 mambo hayo matatu hayakuwa matatu kwa namna yanavyoonekana leo.

2.0 Uzaramo kati ya mlima na gati

Dar es Salaam ya wakati huo haieleweki bila nchi iliyoizunguka. Uzaramo ulianza mjini na kuishia mbali, upande wa kusini magharibi kupitia vilima vya Pugu hadi Kisarawe na Maneromango, na upande wa magharibi kuelekea bonde la Ruvu, ambako leo ni Kibaha. Mipaka ya utawala imebadilika mara nyingi tangu hapo; Kibaha imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na sehemu kubwa ya Uzaramo wa zamani imemezwa na jiji. Watu waliokuwa wakienda na kurudi hawakuihitaji mipaka hiyo. Muhogo, nazi, kuni na mkaa viliingia mjini kutoka vijijini, na pamoja navyo wakaja wanaume waliotafuta kazi ya siku chache.

Juu ya vilima palikuwa na shule. Wamisheni wa Kianglikana walikihamishia Minaki, Kisarawe, chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, mnamo 1925. Wakatoliki walikuwa na shule yao ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, karibu tu na hapo. Kwa upande wa Walutheri, misheni ya Kijerumani ilikuwa imefika Uzaramo tangu enzi ya Wajerumani na kuacha jumuiya ndogo ya Wakristo huko Maneromango. Kwa hiyo elimu ya juu kabisa iliyopatikana karibu na mji mkuu ilitolewa na makanisa, kwenye vilima vilivyozungukwa na vijiji ambavyo wakazi wake wengi walikuwa Waislamu. Tofauti hii haikuhitaji mtu mwenye chuki ili iwe ya kisiasa. Ilitosha kwamba kijana wa Kizaramo aliyetaka kusoma zaidi ya madrasa alipandisha mlima akauingia ulimwengu wa watu wengine, na aliyetaka fedha aliteremka gatini.

Neno kibarua linabeba historia hiyo. Ni barua ndogo: karatasi aliyopewa mfanyakazi wa siku ili hesabu ya siku zake itunzwe, na hatimaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Mfumo wa kazi ya siku ulimfaa mkulima wa Kisarawe, aliyeweza kufanya kazi siku kadhaa na kurejea shambani, na ulimfaa pia mwajiri, ambaye hakulazimika kumlisha wala kumpangishia nyumba siku meli zilipokosekana. Kwa hiyo Wazaramo na Warufiji walikuwa wengi miongoni mwa watu wa gatini. Neno kuli, lililovuka Bahari ya Hindi, lilikuwa na dharau ndani yake, lakini wafanyakazi wenyewe walilibeba bila kuona haya. Wasomaji wa fasihi wanalijua zaidi kupitia riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli (1979), inayohusu makuli wa Unguja na mgomo wao wa 1948. Lakini mwaka mmoja kabla ya mgomo huo, gati la Dar es Salaam lilikuwa limekwisha kutikisika.

3.0 Katibu mwana wa katibu

Abdulwahid alizaliwa Dar es Salaam tarehe 1 Desemba 1924. Babu yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji akiwa askari wa Wajerumani. Baba yake, Kleist Sykes (1894–1949), alikuwa askari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha karani wa reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association na katibu wake wa kwanza. Miaka minne baadaye, 1933, alikuwa miongoni mwa Waislamu Waafrika walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, baada ya kutoridhika na chama cha Waislamu kilichokuwa chini ya uongozi wa Wahindi. Jumuiya hiyo ilikuwa na shule yake Kariakoo, ambako watoto walisoma Kurani pamoja na masomo ya kawaida, na Abdulwahid alikuwa mmoja wao.

Majina ya vyombo hivi yanastahili kusimamiwa kidogo. Cha kisiasa kilikuwa na jina la Kiingereza, kwa kuwa kilikusudiwa kuongea na serikali. Cha dini kilikuwa na jina la Kiarabu, kwa kuwa kilikusudiwa kuonyesha kwamba Waafrika nao ni warithi halali wa elimu ya dini. Mazungumzo ndani ya vyote viwili yalikuwa ya Kiswahili. Aliyeweza kuzipita lugha hizo zote bila kukwama ndiye aliyekuwa na nguvu, na mtu huyo aliitwa katibu.

Katibu na karani si kitu kimoja, ingawa wote wawili huandika. Karani huandika anachoamriwa, na kazi yake ni ya mshahara. Katibu, kwa asili ya Kiarabu ya neno lenyewe, ni mwandishi, na katika miji ya pwani neno hilo lilikuwa na harufu ya majlisi na ya mahakama ya sultani. Chama kilipompata katibu, kilikuwa kimempata mtu aliyeamua nini kiingie katika kumbukumbu na nini kisiingie, barua gani iende kwa bwana mkubwa na kwa maneno yapi. Mwenyekiti alikuwa heshima; katibu alikuwa mkono. Kleist alikuwa karani kazini na katibu mtaani, na mwanawe alirithi mgawanyo huo wa maisha. Katika mji ambao Waafrika wachache tu waliweza kuandika Kiingereza cha ofisi, ukatibu ulikuwa njia ya uongozi isiyohitaji mtu ajiombee. Kijana aliombwa aandike. Akiisha kuandika, alikuwa amekwisha kuongoza.

Vita Kuu ya Pili vilimpeleka Abdulwahid Burma, katika kikosi cha KAR. Kumbukumbu za familia na za marafiki zinaliweka huko wazo la kuunda chama cha siasa chenye nguvu kuliko African Association, miongoni mwa askari wa Tanganyika waliokuwa wakisubiri kurudishwa nyumbani. Iwe hivyo au sivyo, aliporudi alikuta mji uliokuwa na bei za juu, mishahara ya chini, na watu wengi zaidi kuliko nyumba.

4.0 Gatini

Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma. Hawakuwa wameanza siku hiyo, kwa maana gati lilikuwa limegoma mwaka 1939 na tena 1943. Safari hii mgomo uliondoka bandarini, ukashika reli, ile ile inayopita Pugu, Soga na Ruvu, ukaenda hadi bara. Uamuzi wa usuluhishi uliofuata uliwapatia makuli nyongeza kubwa. Funzo walilolichukua lilikuwa rahisi: kukaa kimya pamoja kunalipa kuliko kulalamika peke yako. Kitenzi kugoma kina maana hiyo hasa, ya kukataa kwa kusimama, kama punda anayegoma njiani, na si ya kushambulia.

Chama cha wafanyakazi wa bandari kilichozaliwa kutokana na mgomo huo kilihitaji kusajiliwa, na usajili ulihitaji katiba, vitabu vya hesabu na barua za Kiingereza. Hapo ndipo Abdulwahid Sykes alipoingia, mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 23, kama katibu. Hakuwa kuli. Jambo hilo limetumiwa na baadhi ya waandishi kuonyesha kwamba alikuwa mgeni aliyepanda mgongoni mwa wafanyakazi, na hoja hiyo haipaswi kupuuzwa: katibu wa vibarua asiyewahi kubeba gunia huwa na dhana yake mwenyewe ya chama. Lakini makuli hawakuwa wajinga. Walimchukua mtu aliyeweza kuandika kwa ajili yao, wa familia iliyojulikana mtaani, aliyeswali nao Ijumaa. Ukatibu huo ulikuwa mapatano ya pande mbili, na kila upande ulikuwa na chake cha kupata.

Sykes alipata kitu ambacho TAA haikuwa nacho: umati. Wanachama wa TAA walikuwa makarani, walimu na wafanyabiashara. Mkutano wao ulijaa ukumbi. Makuli walijaza barabara. Zaidi ya hayo, kila kibarua aliyerejea kijijini Kisarawe mwisho wa juma alikuwa mpeleka habari ambaye chama hakikumlipa. Historia ya siasa za Tanganyika imeandikwa kana kwamba habari zilitoka makao makuu kwenda matawini kwa njia ya waraka. Katika Uzaramo zilitoka gatini, zikaenda kwa miguu pamoja na sukari na mafuta ya taa.

Nguvu ya gati haikudumu. Februari 1950 mgomo mwingine, uliotokana na mvutano kuhusu namna ya kuwasajili na kuwaita vibarua kazini, uligeuka kuwa ghasia. Mwaka huo huo mahakama ikakivunja chama. Serikali ilikuwa imeona kile ambacho Sykes alikuwa amekiona, na ilikifunga kabla hakijakomaa. Tangu hapo hadi 1955, lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika chini ya ukatibu mkuu wa Rashidi Kawawa, njia ya kwenda kwenye uongozi kupitia kazi ilikuwa imezibwa. Ilipofunguliwa tena, aliyepita alikuwa Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu.

5.0 Kamati ya 1950

Mwaka ule ule gati lilipofungwa, TAA ya Dar es Salaam ilipata uongozi mpya: Dkt. Vedasto Kyaruzi, rais, na Abdulwahid Sykes, katibu. Kyaruzi alikuwa tabibu, Mkristo kutoka Bukoba, aliyesomea Makerere. Ushirikiano wa wawili hao ni jibu zuri kwa wote wanaoisoma siasa ya wakati huo kama mashindano ya dini mbili tangu mwanzo.

TAA ikaunda kamati ndogo ya siasa ili kujibu kamati ya katiba iliyoteuliwa na Gavana Twining. Kwa mujibu wa Said, wajumbe wake walikuwa Kyaruzi na Sykes, Stephen Mhando, mfanyabiashara John Rupia, Liwali Said Chaurembo, na Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni kutoka Unguja aliyekuwa mwenye kuheshimiwa kuliko wote miongoni mwa Waislamu wa Tanganyika. Orodha hii fupi ina mengi. Liwali alikuwa mtumishi wa serikali. Rupia alikuwa na fedha. Sheikh Hassan alikuwa na kitu ambacho hakuna barua ya Kiingereza ingeweza kukitoa: wanafunzi, na wanafunzi wa wanafunzi, katika misikiti na zawia za pwani yote. August Nimtz (1980) ameonyesha, kwa mfano wa Bagamoyo, jinsi tarika ya Kadiria ilivyowapa watu wa hali ya chini, wakiwamo waliokuwa watumwa na wazao wao, ngazi ya heshima na mtandao wa kusafiri. Vijiji vya Uzaramo havikuwa nje ya ulimwengu huo. Maneno ya sheikh yalipofika kijijini, yalifika yakiwa na sanadi.

Kuna kishawishi cha kusema kwamba Sykes aliitumia dini. Kauli hiyo ina ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Mtu hutumia kitu kilicho nje yake. Yeye alikuwa amezaliwa ndani ya Jamiatul Islamiyya kama alivyozaliwa ndani ya African Association; watu walikuwa wale wale, nyumba zile zile za Kariakoo, na mara nyingi mkutano mmoja ulikwisha kwa sala na wa pili ukaanza baada yake. Alichofanya kilikuwa ni kuwaweka katika karatasi moja watu waliokuwa tayari katika mtaa mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya katibu, na hakuna aliyeifanya vizuri kuliko yeye.

Serikali nayo ilifanya kazi yake. Kyaruzi, kwa kuwa alikuwa mtumishi wake, alihamishwa nje ya mji. Sykes akabaki na chama mikononi, akiwa katibu na kaimu rais.

6.0 Kutoka Pugu

Oktoba 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh na shahada ya uzamili, akapewa kazi ya kufundisha historia huko Pugu. Joseph Kasella Bantu ndiye anayetajwa kumfikisha kwa Abdulwahid. Picha ya mwalimu anayeteremka kutoka mlimani kwenda Kariakoo mwisho wa juma imesimuliwa mara nyingi, na kila mara husimuliwa kama safari ya mtu mmoja. Yafaa ionekane pia kama barabara ile ile waliyoipita vibarua.

Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA na Abdulwahid Sykes makamu wake. Sykes alikuwa na miaka 28, Nyerere 31. Hapa ndipo simulizi zinapoachana. Je, alishindwa, au alimwachia? Kura zilipigwa, lakini kura katika chama cha watu wanaojuana hupigwa baada ya mambo kuamuliwa kwingine, kwenye vibaraza na sebule. Mtu anaweza kupigiwa kura na akawa amekubali matokeo kabla. Katika msamiati wa pwani hilo huitwa kukaa chini wakaafikiana, na si kushindwa wala kujitoa mhanga.

Swali lenye faida zaidi ni kwa nini mtu mwenye njia tatu aliona, au wenzake waliona, kwamba hazitoshi. Sehemu ya jibu ni sheria: waraka wa serikali wa 1953 uliwakataza watumishi wa umma kujiunga na vyama vya siasa, na wengi wa makarani wa TAA walikuwa watumishi. Sehemu nyingine ni mgawanyo wa nchi. Mtandao wa Sykes ulikuwa na nguvu mjini na katika Uzaramo, na ulikwenda hadi misikiti ilikofika. Kanda ya Ziwa, Kilimanjaro na nyanda za kusini zilikuwa na makanisa, vyama vya ushirika na machifu ambao hawakuwa na sababu ya kumsikiliza mtoto wa Kariakoo. Nyerere, mtoto wa chifu Mzanaki, Mkatoliki, msomi wa Makerere na Edinburgh, alisikika huko.

Sehemu ya tatu ni ya lugha. TAA ilikuwa chama cha kuandika. Nguvu yake ilikuwa kumbukumbu, azimio na barua kwa katibu mkuu wa serikali. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la TAA, Mtaa wa New, ambao sasa ni Lumumba, ikawa chama cha kusema. Mkutano wa hadhara wa Mnazi Mmoja, sauti ya Bibi Titi Mohamed, vikundi vya lelemama, Kiswahili cha Nyerere kilichoanza kwa kusitasita na kuishia kuwa mfano kwa taifa zima: vyote hivi vilikuwa na msikilizaji badala ya msomaji. Katika siasa ya namna hiyo katibu hurudi nyuma ya jukwaa. Hakunyang'anywa kitu. Thamani ya alichokuwa nacho ndiyo iliyoshuka.

Na bado, aliyesema alisema kupitia njia zilizochimbwa na aliyeandika. Nyerere alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi Pugu Machi 1955, aliteremkia mji ambao watu wake walikuwa wamekwisha kuandaliwa: makuli waliojua kugoma, wazee waliojua kukaa kikao, masheikh waliokuwa wamekwisha kukaa kamati moja na Mkristo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za familia, kadi za kwanza za TANU zilitolewa kwa mpangilio huu: Nyerere namba 1, Ally Sykes namba 2, Abdulwahid namba 3.

7.0 Njia moja moja

Baada ya 1954 watu watatu walijaribu kuzishika njia hizo, kila mmoja yake. Zuberi Mtemvu aliondoka TANU na kuanzisha African National Congress mwaka 1958, kwa hoja ya siasa tupu: Afrika kwa Waafrika. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata kura 21,276, na Nyerere zaidi ya 1,127,000. Ramadhani Mashado Plantan, mhariri wa gazeti la Zuhra na mtu wa ukoo uliomlea Kleist Sykes, alikuwa nyuma ya chama cha Waislamu cha AMNUT, ambacho mwaka 1959 kiliomba uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu zaidi. Ombi hilo lilikuwa na maumivu ya kweli ndani yake, maumivu ya kijana aliyeziona shule za Minaki na Pugu kutoka chini ya mlima, lakini liliwaweka wenyewe upande wa mkoloni, na Waislamu wengi, Sheikh Hassan bin Ameir miongoni mwao, hawakuwafuata. Christopher Kasanga Tumbo alitoka chama cha wafanyakazi wa reli, akawa balozi London, akajiuzulu na kuunda chama cha upinzani. Mwaka 1964 alikuwa kizuizini.

Dola mpya ilizifunga njia hizo kwa zamu. Vyama vya wafanyakazi viliingizwa katika NUTA mwaka 1964, chini ya TANU. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Desemba 1968 Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku na BAKWATA ikachukua nafasi yake. Abdulwahid alikuwa amefariki tarehe 12 Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 43, baada ya miaka mingi ya kazi ya kusimamia soko la Kariakoo, mahali ambapo muhogo wa Kisarawe uliuzwa.

Kibaha nayo ilichukua sura mpya. Mwaka 1963 mataifa ya Nordiki yalianzisha huko kituo cha elimu, afya na kilimo, kilichokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, na kwa mara ya kwanza kijana wa eneo hilo alikuwa na shule kubwa ya sekondari jirani isiyo ya kanisa. Februari 2022 ilifunguliwa hapo hapo Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika. Wanaofundishwa humo ni makada, na wengi wao wana cheo cha katibu: wa tawi, wa kata, wa wilaya. Neno limebaki, ingawa katibu wa leo huteuliwa kutoka juu, na barua zake huenda juu.

Mwaka 1973, miaka mitano baada ya kifo chake, binti yake Daisy Sykes Buruku alichapisha sura katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na Iliffe. Hakumwandika baba yake. Alimwandika babu, Kleist, kwa sababu babu alikuwa ameacha maandishi juu ya maisha yake mwenyewe. Abdulwahid, aliyeandika kumbukumbu za kila mtu, aliendelea kuishi katika mazungumzo ya wazee wa Kariakoo kwa miaka mingine 25.